Mwalimu Kilonzo na Pancha za Salama

Katika miaka ishirini na tisa aliyofundisha kule Nuu, Mwalimu Evanson Kilonzo aliandika barua nyingi kuliko karani yeyote wa Kitui, na karibu zote hazikuwa zake. Mtu wa Nuu akitaka kuomba kazi ya kulinda bohari, alikwenda kwa Mwalimu. Mama akitaka kujua kama mumewe aliye Mombasa bado yu hai au ameoa tu, alikwenda kwa Mwalimu. Walikaa pale barazani, wakaeleza shida yao kwa Kikamba, naye akaigeuza kuwa Kiswahili cha heshima au Kiingereza cha ofisini, kulingana na ukubwa wa shida yenyewe. Akimaliza hakuwasomea. Alitia jina lao pale chini kwa mwandiko wake mzuri wa kulalia upande, akalamba bahasha, na mambo yakawa yamekwisha. Wengi hawakujua kamwe walikuwa wamesema nini, ila majibu yalikuwa yakija, na majibu yakija nani tena ana haja ya kuuliza?

Watoto wake watano nao aliwaandikia vivyo hivyo. Musyoka, kifungua mimba, aliamka siku moja akaambiwa ameitwa kwenye chuo cha mifugo, naye hata hakukumbuka kuomba. Mbula akawa nesi. Wawili waliofuata wakawa walimu, mmoja kwa kupenda na mwingine kwa kukosa nafasi ya kukataa. Mwalimu aliwapanga kazini kama alivyopanga wanafunzi siku ya kupiga picha, warefu nyuma na wafupi mbele, na mtu asitikisike. Alipostaafu mwaka 1984, kanisani walisimama kumshukuru, na mchungaji akasema ile nyumba haina mtoto hata mmoja asiye na kazi ya pensheni. Mwalimu aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, ingawa sikio aliliacha wazi asipoteze neno.

Bado hatujamtaja Kalondu, na ndiye mwenye kisa.

Kalondu alikuwa binti yake wa kwanza, aliyemfuata Musyoka. Kwa desturi ya Wakamba binti wa kwanza huchukua jina la mama wa babake, basi huyu alirithi la bibi yake, marehemu Kalondu wa Nuu, mama aliyejulikana vilima vitatu kwa ukali wake. Na kwa desturi hiyohiyo Mwalimu hakumwita binti yake kwa jina. Alimwita Mwaitu, yaani Mama. Watoto wengine walionja fimbo. Huyu, kila Mwalimu alipoiinua, mkewe Mutindi alimwuliza kwa upole kama kweli anataka kumchapa mama yake mzazi. Fimbo ikarudi darini.

Huyu naye aliandikiwa. Mwaka 1980 Mwalimu alimpatia ukarani katika ofisi moja ya serikali kule Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa. Alipiga chapa, akapanga mafaili, akatuma sukari nyumbani kila mwisho wa mwezi. Miaka sita ikapita bila neno. Kisha, mwezi wa Machi mwaka 1987, ikaja barua ya mistari minne.

Mwalimu aliisoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi, kwa mazoea tu. Akasahihisha mkato mmoja na herufi kubwa mbili. Ndipo akaelewa kilichoandikwa. Kalondu alikuwa ameacha kazi tangu mwaka jana, kwa notisi na kwa amani. Jumamosi nyingi alikuwa akienda kwa fundi mmoja mzee pale Kiboko, Mutie, akajifunza kazi. Sasa alikuwa na kibanda chake mwenyewe huko Salama, kwenye barabara hiyohiyo. Alikuwa akiziba pancha za malori.

"Pancha," alisema Mwalimu.

"Tairi zikitoboka lazima kuna mtu wa kuziba," alijibu Mutindi, akiendelea kupepeta mbaazi.

"Mtu, ndiyo. Si Mwaitu!"

Kwa wiki nzima hakula vizuri. Tumsamehe, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezaliwa katika mwaka wa njaa, akaenda shule bila viatu, na katika maisha yake kitu kilichomtoa vumbini kilikuwa karatasi. Mwanawe kushika karatasi halafu akaiacha kwa hiari yake, akarudi vumbini tena kwa furaha, hilo halikumwingia akilini. Kanisani alipoulizwa habari za Kalondu alisema yuko "upande wa usafiri," kisha akakohoa sana.

Wiki ya pili akakaa barazani akafanya alilolijua. Aliandika kwa yule bosi wa Kiboko, kwa Kiingereza cha daraja la juu. Mimi, Kalondu Kilonzo, nilighafilika. Nimejutia uamuzi wangu. Ujana ulinipotosha, sasa nimepevuka, naomba nirudishwe mezani pangu. Pale chini akatia jina la binti yake, na kwa kuwa alikuwa amemfundisha kuandika yeye mwenyewe, sahihi ilifanana hata mkia wa herufi ya mwisho.

"Na mwenyewe anasemaje?" aliuliza Mutindi.

"Mtoto anayetapika haulizwi kama anataka dawa, Mama Musyoka."

"Baba Musyoka, huyo mtoto ana miaka ishirini na minane. Na sijasikia mahali ametapika."

Mwalimu akalamba bahasha.

Jibu lilifika kabla Mei haijaisha. Yule bosi alikuwa akimkumbuka Kalondu kwa wema. Meza ipo, alisema, aje tarehe mosi Julai. Mwalimu aliruka, mzee mzima, mpaka kuku wakatawanyika. Hakutaka kuituma barua ile kwa posta. Furaha ya namna ile hupelekwa kwa mkono. Akavaa koti lake la Jumapili, akashika safari, akalala Machakos kwa mpwa wake, na asubuhi ya pili akashuka pale Salama, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi na moyo mweupe kabisa.

Kwanza akaingia hotelini kunywa chai. Na hapa ndipo ulimi, ambao hauna mfupa, ulipomponza.

Kwenye meza aliyochagua alikuwa ameketi bwana mmoja mnene mwenye kofia ya kahawia, anakula mandazi polepole na kusoma gazeti. Walisalimiana. Bwana yule akamwuliza mzee ametoka wapi na anakwenda wapi, maswali ya kawaida ya mezani. Swali moja kwa Mwalimu lilistahili jibu la ukurasa mzima. Alimweleza yule bwana habari za binti yake, msomi wa kidato cha nne, aliyepotelea katika kuziba pancha hapo chini karibu na daraja. Akamweleza jinsi binti alivyotubu na kuandika mwenyewe kuomba kazi ya zamani. Akaitoa barua. Akaisoma yote kwa sauti, akitafsiri penye ugumu.

"Kwa hivyo mwezi wa saba anarudi ofisi?" aliuliza yule bwana.

"Tarehe mosi. Hapa alikuwa anapumzika tu."

"Haya. Ni vizuri kujua." Bwana yule akakunja gazeti, akavaa kofia vizuri, akaondoka. Andazi moja na nusu lilibaki kwenye sahani, na Mwalimu, ambaye hakupenda chakula kitupwe, akalimalizia.

Alimkuta Kalondu kibandani. Alikuwa amevaa ovaroli ya buluu iliyopauka, kitambaa kichwani, amesimama juu ya rimu ya lori kwa miguu miwili, anakandamiza chuma kung'oa tairi. Lile tairi lilikuwa linakataa, naye anaambiana nalo maneno kwa Kikamba ambayo Mwalimu hakuwahi kumfundisha. Ghafla likatii. Akaitoa tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha kidogokidogo katika beseni kubwa la maji, akitazama mapovu. Dereva wa lori alikuwa amelala kivulini kwa imani kamili.

"Baba!" Aliruka, akafuta mikono, akaiona bado michafu, akamsalimu kwa kumpa kifundo cha mkono. "Mbona hukusema unakuja? Mama mzima?"

"Mama mzima. Kaa chini, Mwaitu. Nimekuletea uhai."

Alimpa barua. Kalondu akaisoma amesimama. Akarudi mwanzo, akaisoma tena.

"Hapa wamesema wamepata barua yangu," alisema. "Barua yangu gani?"

"Ile ya kuomba kurudi."

"Nani aliandika?"

"Niliandika mimi. Kwa niaba yako."

"Na sahihi?"

Kwa mara ya kwanza tangu atoke Nuu, jambo lile lilianza kusikika vibaya masikioni mwa Mwalimu. "Sahihi ni... ni yako."

Kalondu hakupiga kelele, na hilo lilimtisha zaidi. Alikunja barua vizuri, akaiweka juu ya kopo la gundi. "Kwa hivyo bosi wangu anajua mimi nimelia, nimejuta, nimepotoshwa na ujana. Mimi. Siku ile naaga walinipikia mbuzi, Baba. Tuliachana tunacheka."

"Nilitaka mema yako."

"Najua. Hata sibishi. Lakini leo umekuja siku mbaya sana. Saa sita kuna mtu anakuja hapa. Ana malori sita ya kwenda Mombasa. Nimemfuata miezi minne anipe nitunze tairi zake zote, asiende kwa mwingine. Leo ndio anakuja kusema ndio ama hapana. Nikipata hiyo, hiki kibanda kimesimama. Nikikosa, sijui kama nitafika Desemba." Alivuta pumzi. "Sasa wewe kaa pole pole, kunywa maji, usimwambie mtu yeyote habari ya hii barua mpaka huyo Kinuthia aende. Hiyo tu."

"Kinuthia," alisema Mwalimu taratibu. "Ni mtu wa namna gani?"

"Mnene mnene. Hutoa kofia ya kahawia akilala tu."

Jamani! Mwalimu alikumbuka lile andazi na nusu, na mwenye kuliacha. Angeweza kunyamaza. Alifikiria kunyamaza, na ni haki kukubali kwamba alifikiria kwa muda si mfupi. Lakini alikuwa amewachapa watoto wa watu miaka ishirini na tisa kwa kosa la kusema uongo, basi akasema yote: hoteli, barua, sauti, tafsiri, tarehe mosi Julai.

Kalondu aliketi juu ya tairi.

"Usijali!" Mwalimu alikuwa tayari wima, anapapasa mfuko wa koti kutafuta kalamu. "Nitamtafuta sasa hivi. Nitamweleza kosa lilikuwa langu. Hapana, bora nimwandikie, neno la mdomo halina uzito. Nitamwandikia barua ya kiungwana, nimweleze tabia yako tangu utoto, bidii yako, alama zako za hesabu—"

"Kaa."

"Mwaitu, dakika tano tu—"

"Wewe unaniita nani?"

"Mwaitu."

"Kila siku unaniita mama yako. Basi leo mama yako anasema, mtoto wangu, weka hiyo kalamu na ukae chini."

Alisema kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, na kidole kimoja kikielekea kwenye tairi kuukuu lililolala kando ya nguzo. Ilikuwa sauti ya bibi yake, yule marehemu Kalondu. Mwalimu aliijua sauti ile. Ilikuwa imemtoa mtoni, ikamtoa juu ya miti, ikamtuma shule mvua ikinyesha. Miaka sitini na moja, mzee wa kanisa, naye akatii. Aliketi juu ya tairi akaweka kalamu mfukoni.

"Umekasirika sana?" aliuliza baadaye kidogo, kama mtoto.

"Nimekasirika." Alikuwa amerudi kwenye beseni. Povu moja jembamba lilikuwa linapanda kutoka kwenye tyubu. Akaliwekea alama kwa msumari. "Lakini si hiyo inaniuma. Inaniuma kwamba hukuja hata siku moja kuona. Umeniondoa kwa kazi ambayo hujawahi kuiangalia."

Basi Mwalimu akaangalia. Hakukuwa na kitu kingine cha kufanya. Aliangalia Kalondu alivyokausha tyubu, akaikwaruza pale penye tundu mpaka ikawa kavu na yenye kukamata, akapaka gundi, akangoja bila haraka. Hakukigusa kiraka mpaka gundi ikauke ilivyopaswa. Dereva alizinduka akamhimiza. Kalondu akamwambia kwamba akitaka haraka ni huko mbele kilomita kumi, ataipata haraka na ataipata pancha tena. Dereva akacheka, akalala tena. Kusema kweli, Mwalimu aliwajua walimu wakuu wasioweza kunyamazisha mtu namna ile.

Saa sita na robo Kinuthia akafika. Alimsalimu Kalondu, kisha akamwona mzee juu ya tairi, akapapasa kofia yake. Ilikuwa wazi kwamba alikuwa amekuja kuaga tu.

"Kalondu, mimi nimefikiria," alianza. "Kazi yako ni safi, siwezi kudanganya. Lakini lori yangu ikikwama Mtito Andei saa nane usiku, nataka mtu ambaye najua yuko. Sitaki mtu wa leo yuko, mwezi wa saba hayuko."

"Niko, Bwana Kinuthia."

"Sasa nitaamini nani?" Akamgeukia mzee. "Mwalimu, asubuhi tumeongea vizuri. Wewe ni mzazi, na mzazi hujua mtoto. Niambie wewe. Huyu msichana atakaa na hii kazi, ama atarudi ofisi?"

Huo ulikuwa mlango, tena umefunguliwa wazi. Mwalimu aliyaona maneno yote yamejipanga tayari, mazuri, yenye mifano na aya mbili za Biblia. Angeweza kumsifu Kalondu mpaka Kinuthia akampa malori sita na la saba la ahsante. Alijua angeweza. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Alimtazama binti yake, naye alikuwa hamtazami. Alikuwa ameshika chuma chake, macho yakiwa barabarani, amekaza taya kama mtu anayengoja sindano ya daktari. Alikuwa akingoja babake amsemee tena.

"Bwana Kinuthia," alisema Mwalimu, na sauti ikamtoka ndogo kuliko alivyozoea, "ile barua ya kuomba kazi niliiandika mimi, yeye hakujua. Hilo ni kosa langu na nimelisema. Hilo lingine usiniulize mimi. Mwenye kazi ni yule pale."

Kalondu akageuza kichwa.

Kinuthia naye aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, na pengine alikuwa na watoto wakubwa nyumbani kwake, maana alianza kutabasamu kabla hajajua kwa nini. "Haya. Mwenye kazi. Utakaa?"

"Mimi sitakuapia," alisema Kalondu. "Niliacha meza, kiti na pensheni, hakuna mtu alinisukuma. Mtu ambaye anataka kurudi hawezi kununua jeki mbili. Nipe malori mawili hadi mwezi wa tisa. Ukipata tairi moja imerudi na pancha niliyoziba mimi, chukua malori yako uende. Ukikosa, unaniletea hayo manne mengine na hatuongei tena habari ya ofisi."

"Mbili?"

"Mbili. Lakini zile mbovu kabisa, zinazopasuka tairi kila safari. Usiniletee mpya."

Kinuthia akacheka mpaka kofia ikasogea. Akamwambia Mwalimu kwamba binti yake ana kiburi. Mwalimu akafungua mdomo, akaufunga, akaitikia kwa kichwa tu. Wale wawili wakapeana mikono, grisi na yote, na hakuna aliyemwomba Mwalimu awe shahidi, wala aandike popote. Lori la kwanza lingefika Alhamisi.

Kinuthia alipoondoka, Kalondu alirudisha tairi la dereva mahali pake, akakaza nati kwa kupishana, ya upande huu kisha ya upande wa pili, akamwamsha aende zake, akamwaga maji ya beseni, akaweka mengine. Mwalimu alibaki juu ya tairi lake. Kichwani mwake kulikuwa na mambo yasiyopungua kumi na nane ya kumwambia: habari za mapatano ya maandishi, habari za kufuli ya kibanda, habari za yule dereva aliyeondoka bila kushukuru, habari za ovaroli ambayo ingehitaji kiraka cha nyuma. Yalikuwa yanamsukuma kooni kama wanafunzi mlangoni kengele ikilia. Alijisikia hana kazi kabisa duniani, na kilichomshangaza ni kwamba hakujisikia vibaya.

"Mwaitu," alisema. "Naweza kusema jambo moja?"

Kalondu alisimama na beseni mkononi. Katika miaka ishirini na minane hakuwahi kuombwa ruhusa ile na mtu huyu.

"Moja," alisema.

Mwalimu akayachambua yale kumi na nane, akayaweka kando.

"Kazi yako ni nzuri."

Kalondu akangoja la pili, kwa sababu alimjua baba yake vizuri. La pili halikuja.